Mashindano ya Baiskeli Siku ya Mvua: Mwongozo kwa Timu za Ridhaa

Mtu akiulizwa ni kiungo gani cha mwili kinachoshinda mbio za baiskeli, aghalabu atataja mapaja, au moyo, au mapafu, na siku ya jua jibu hilo lina haki yake. Lakini siku ambayo mawingu yamejifunga tangu alfajiri, mvua ikashuka kutoka milimani na upepo ukaipeperusha ubavuni mwa wapanda baiskeli, kiungo kinachoamua ni mkono. Mkono ndio ukamatao breki, ndio ubadilishao gia, ndio utoao tende mfukoni ukaitia kinywani, ndio ufungao zipu ya koti na kuzibua chupa ya maji. Na ukishapotewa na hisi kwa baridi, mwenye miguu ya chuma huwa abiria juu ya chombo asichoweza kukisimamisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya timu za ridhaa, yaani vijana wa kike na wa kiume ambao siku sita za juma huwa kazini au masomoni na siku ya saba hushindana barabarani bila ya ujira, na kusudi lake ni kuwaonyesha jinsi watu watano au sita waliounganishwa na jezi moja wanavyoweza kuilinda mikono yao, kila mmoja yake na ya mwenzake, tangu usiku wa kuamkia mashindano mpaka baiskeli zitakapokuwa zimekwisha kukaushwa.

Wako wasemao kuwa mvua ya nchi zetu ni ya vuguvugu, na kwamba habari za baridi ni za Ulaya. Kwa Mombasa, Tanga na Bagamoyo kauli hiyo ina ukweli, maana mtu aweza kulowa huko kutwa nzima asitetemeke. Lakini barabara zinazopendwa na wapanda baiskeli ni zile za milimani, na hewa kwa wastani hupungua joto kwa nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret hupita Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kericho na Nandi ni mashuhuri kwa mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai wanaihofu kuliko ukame. Limuru hufunikwa na ukungu asubuhi nyingi za Juni na Julai. Na baridi ya Njombe haihitaji shahidi. Aliyelowa hupoteza joto upesi kuliko mkavu, kwa kuwa maji huliondoa joto la mwili kiasi cha mara 25 kuliko hewa iliyotulia, naye ashukaye mteremko kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hujiletea upepo wake mwenyewe hata siku ambayo jani halitikisiki. Basi asiyejiandaa kwa baridi kwa kuwa yu karibu na Ikweta ameisoma ramani nusu tu.

Shauri la timu lifanyike usiku wa kuamkia mashindano, wala lisingojewe asubuhi kwenye mstari wa kuanzia, ambapo kila mtu ana haraka na hakuna amsikilizaye mwenziwe. La kwanza la kuamuliwa ni nani atakuwa nahodha, yaani yule ambaye wenziwe watamfanyia kazi ili afike mbele. Nahodha wa siku ya jua si lazima awe nahodha wa siku ya mvua. Katika timu nyingi hodari wa kupanda milima ndiye mwembamba kuliko wote, na mwembamba ndiye apotezaye joto mapema; ilhali yule mwenye kifua kipana, mtulivu wa kushuka, asiyependa ghasia wala papara, ambaye siku zote humaliza wa saba au wa nane, huenda siku hiyo akawa ndiye tegemeo. Wapeni wa namna hii nafasi yao bila ya kuona haya kwa heshima ya nahodha wa kawaida. La pili ni nani atampa nahodha gurudumu lake apatapo pancha, na nani atarudi nyuma kuyafuata makoti; mambo haya yakiachwa bila ya jina la mtu huwa ya kila mtu, na katika mvua kazi ya kila mtu haina wa kuifanya. La tatu, nalo ni zito kuliko yote, ni nani mwenye amri ya kumtoa mtu mashindanoni. Amri hiyo apewe msimamizi aliye katika gari au juu ya pikipiki, ambaye ni mkavu na akili yake haijaguswa na baridi, na neno lake lisirudiwe.

Kisha itazamwe ramani, na kila kilele kifuatwacho na mteremko mrefu kitiwe alama. Hapo ndipo mavazi makavu yanapotakiwa. Lakini msaidizi asisimame kileleni penyewe, bali kiasi cha kilomita moja kabla yake, ambapo mwendo bado ni wa polepole, mikono ingali na joto la kupanda, na mtu anaweza kuvaa koti bila ya kuyumba. Mfano mkubwa wa tadbiri hii katika tarehe ya mchezo ni siku ya tarehe 5 Juni 1988, mashindano ya Giro d'Italia yalipopita katika theluji kwenye kilele cha Gavia, ambacho kimo chake, mita 2,600 na zaidi kidogo, ni pungufu ya kile cha Timboroa. Wasimamizi wa timu ya 7-Eleven, walipopata asubuhi ile habari za mlima, waliingia madukani wakanunua mavazi ya watelezao juu ya theluji, wakayapeleka karibu na kilele pamoja na chai ya moto. Andrew Hampsten akavaa, akashuka, akamaliza wa pili nyuma ya Erik Breukink, na jioni ile akavishwa jezi ya waridi ya anayeongoza, ambayo hakupokonywa tena mpaka mwisho, akawa Mmarekani wa kwanza kuyashinda mashindano yale. Johan van der Velde, ambaye alikuwa wa kwanza kufika kileleni, tena katika shati la mikono mifupi, alishindwa na mteremko wenyewe, akafika mwisho kwa kuchelewa karibu dakika 47. Yamkini miguu yake ilikuwa imara kuliko ya wote waliokuwa nyuma yake mlimani. Timu ya ridhaa haina fedha za kununulia duka, lakini mfuko mmoja usiopitisha maji kwa kila mpanda baiskeli, wenye jina lake kwa wino mzito, na ndani yake glavu kavu, kofia na koti, unawezekana hata kwa timu maskini kuliko zote.

Ama baiskeli yenyewe haidai mengi, ila machache inayodai hayana badala. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi za upana wa milimita 25, upepo wa ratili 90 kwa inchi mraba umfaao siku kavu upunguzwe ufikie 80 hivi, ili tairi ikae barabarani kwa eneo kubwa zaidi, na mwenye tairi za milimita 28 apunguze zaidi ya hapo. Mtu asihangaike kutafuta tairi zenye mikato mirefu, kwa kuwa tairi nyembamba ya baiskeli huyapasua maji bila ya msaada. Kishikacho lami iliyolowa ni ulaini wa mpira, na mpira uliokakamaa kwa uzee haufai hata kama haujalika. Mvua hukokota mchanga, miiba na vipande vya chupa kutoka kandokando na kuvileta njiani, tena huulainisha mpira upenywe kwa wepesi, kwa hiyo kila mmoja achukue tyubu mbili badala ya moja. Mnyororo upakwe mafuta mazito, yasiyooshwa kwa kilomita chache. Raba za breki zikaguliwe, na punje za mchanga na chuma zilizojipachika ndani yake zing'olewe kwa ncha ya kisu. Mwenye breki za diski ana nafuu kubwa siku hiyo, lakini naye aupime unene wa pedi zake, maana tope la mteremko mmoja mrefu laweza kuzimaliza.

Sasa tuje kwenye mavazi, ambako mbio nyingi za mvua hupotea kabla hazijaanza, na ambako ningependa msomaji atulie nami kidogo. Kosa la wengi ni kudhani kuwa mikono hutiwa joto kwa glavu. Glavu haina moto ndani yake. Kazi yake ni kuhifadhi joto lililoletwa na damu, na damu haifiki vidoleni kama kifua kimepoa, kwa sababu mwili uonapo hatari katika moyo na maini hubana mishipa ya mikono na miguu ili joto lililosalia libaki ndani. Kwa hiyo aliyevaa glavu nzito juu ya kifua kilicholowa amefunga mlango wa nyumba isiyo na kitu. Anza na kifua: nguo iguseyo ngozi iwe ya sufu nyembamba au ya nyuzi zisizonywa maji, kwani sufu huhifadhi joto hata ikilowa, na pamba ikilowa huwa kitambaa cha baridi kilichobandikwa mwilini. Juu yake jezi, na juu ya jezi koti jepesi la mvua lenye kubana mwili, lisilovimba kwa upepo, na ikiwezekana lenye kuonyesha kilicho chini yake, ili waamuzi waweze kuisoma namba ya mgongoni bila ya kukuamuru ulivue. Wapanda baiskeli wa zamani walikuwa na desturi ya kuingiza gazeti kifuani kabla ya kushuka mlima. Desturi hiyo ingali na manufaa yake yote, na gazeti kavu katika mfuko wa msaidizi lina thamani kubwa kuliko bei yake.

Kifua kikisha kuhifadhiwa, ndipo mikono iangaliwe. Vaa kwanza glavu nyembamba za mpira kama wavaazo wauguzi, kisha juu yake glavu za sufu au za mpira mzito wenye kubana. Uchague zile ambazo ukiwa umezivaa unaweza kuhisi kitasa cha breki na kufungua zipu, na jambo hilo ulijaribu nyumbani huku mikono umeilowesha kwa maji baridi. Miguuni, soksi za sufu na kifuniko cha viatu. Mafuta mazito ya kujipaka kwenye vidole na magotini huzuia maji yasiguse ngozi. Yale mafuta ya kuchua yenye kuwasha kama pilipili nayaogopa, kwa kuwa huidanganya ngozi ihisi joto wakati mwili wa ndani unazidi kupoa, na mtu aliyedanganyika hivyo huvua koti ambalo lingemwokoa. Kichwani, chini ya helmeti, vaa kofia nyepesi yenye ukingo wa mbele. Ukingo ule mdogo ndio utakaoyazuia maji ya gurudumu la mwenzako yasikupige machoni. Miwani iwe ya kioo cheupe au cha manjano. Taa nyekundu ya nyuma iwashwe penye ukungu, maana barabara za mashindano ya ridhaa mara nyingi hazifungwi kabisa, na dereva wa lori hana wajibu wa kujua kuwa leo kuna mbio.

Chakula kina neno moja lipasalo kusisitizwa: kitayarishwe kwa mtu asiye na vidole. Tende zitolewe kokwa, ndizi zikatwe ncha, chapati iliyopakwa asali ikunjwe vipande vya kuingia kinywani mara moja, na kila kilichofungwa kwa karatasi kichanwe mdomo kabla ya kuanza. Mwili unaopambana na baridi na mlima kwa pamoja hutumia sukari nyingi, na kiasi cha gramu 60 za wanga kwa saa, ambacho ni kama ndizi mbili kubwa, si anasa. Baridi pia huficha kiu, kwa hiyo kunywa kwa saa ya mkononi, usingoje koo likuombe. Katika gari iwemo birika kubwa la chai ya tangawizi yenye sukari nyingi.

Waamuzi wanapoita majina, keti chini ya paa au ndani ya gari ukiwa na koti mpaka dakika za mwisho, kwa maana joto lililopotea kabla ya kuanza halipatikani tena kwa bei nafuu. Mbio zikianza, timu nzima ijitahidi kuwa katika theluthi ya mbele ya kundi. Siku kavu mtu aweza kujificha nyuma akiokoa nguvu, lakini katika mvua walio nyuma hunyeshewa mara mbili, na mawingu na magurudumu. Kila mmoja akipunguza mwendo kidogo penye kona, wa nyuma hulazimika kufunga breki kabisa na kisha kukimbiza upya, na wakianguka watu mbele hapana lami ya kupitia. Pia usimfuate mwenzako gurudumu kwa gurudumu kwenye mstari mmoja. Sogea upande kwa upana wa kiganja, upate kuikwepa chemchemi ya tope itokayo kwenye tairi yake na upate kuona njia iliyo mbele.

Barabara iliyolowa lazima isomwe. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya pili, kwa sababu mafuta na vumbi la miezi mingi huelea juu ya lami kabla hayajaoshwa. Rangi nyeupe ya vivuko vya wendao kwa miguu, reli, na vifuniko vya chuma vya mifereji huteleza kuliko lami. Vitu hivyo vivukwe wima, bila ya kukunja kona na bila ya kugusa breki. Penye miinuko mikali ipandwayo na malori, kama Kitonga katika mkoa wa Iringa, yapo mafuta ya dizeli yaliyodondoka, nayo hujitambulisha kwa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Panapoungana barabara ya lami na njia ya shambani, tope jekundu huwa limeburutwa na matrekta. Na dimbwi ambalo hukuliona tako lake lichukulie kuwa ni shimo, hata kama jana ulipita hapo pakiwa pazima. Aliye mbele ana amana ya macho ya wote. Siku kavu huonyesha hatari kwa kidole. Siku ya mvua mkono usitoke kwenye breki, na badala yake itumike sauti, kwa maneno mafupi yaliyokubaliwa usiku: shimo, tuta, mafuta, ng'ombe. Aliyesikia ayarudie kwa nguvu ili wa mwisho naye asikie.

Breki za rimu zikilowa hazishiki papo hapo, kwa kuwa mizunguko ya kwanza ya gurudumu hutumika kuyafuta maji kabla raba haijakutana na chuma. Katika mteremko, ziguse kwa wepesi kila baada ya sekunde chache hata pale usipotaka kusimama, ili zibaki zimefutwa. Na penye kona, kazi yote ya kupunguza mwendo iishe baiskeli ingali wima. Ukisha kuinama, mguu wa nje uwe chini na uzito wako juu yake, viwiko vilegezwe, macho yatazame mahali unapotaka kutokea wala si korongo unaloliogopa. Yule mtulivu tuliyemsifu mapema atangulie, na wengine wafuate njia yake kwa nafasi ya baiskeli tatu au nne. Njia ya zamani iteremkayo kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, ambayo ilijengwa na mateka wa Kitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambao pia waliacha kando yake kanisa dogo la mwaka 1942, ni mwalimu mzuri wa somo hili kwa mwenye kuishuka taratibu. Na ye yote apendaye kushindana katika mvua aende kujifunza katika miteremko ya namna hiyo siku isiyo ya mashindano, mvua ikinyesha. Sekunde 30 zilizopotezwa katika mteremko hurudishwa uwandani na watu watano wanaosaidiana, lakini mfupa wa bega uliovunjika haurudishwi na mtu.

Upepo wa ubavuni ndio mtihani mkubwa wa umoja wa timu, na watu wa Singida, Makambako na Ngong wanaujua. Afuataye kwa karibu nyuma ya mwenzake huokoa kama theluthi moja ya nguvu, lakini upepo ukitoka kulia, kivuli cha aliye mbele huanguka nyuma kwa upande wa kushoto, na timu haina budi kujipanga mshazari: wa kwanza akae upande utokao upepo, wa pili nusu ya gurudumu nyuma yake kushoto, na wengine vivyo hivyo hadi mwisho wa nafasi mliyoruhusiwa barabarani. Wa mbele akimaliza zamu yake hurudi nyuma, na mwenzake huchukua nafasi. Zamu ziwe fupi, nusu dakika au pungufu, kwa kuwa katika baridi anayefanya kazi kwa muda mrefu hutokwa jasho na kisha hugandishwa nalo anapopumzika. Barabara ikijaa watu, aliyekosa nafasi asining'inie ukingoni peke yake akiumizwa na upepo mpaka akatike. Na aanzishe mshazari wa pili na wale waliokosa pamoja naye, hata wakiwa wa timu nyingine. Ushirikiano wa dakika kumi na mpinzani hauvunji uaminifu kwa jezi.

Msiba utatokea, na timu iliyokubaliana mapema hutambulikana hapo. Nahodha akipata pancha, aliyetajwa atoe gurudumu lake bila ya swali, wawili wamngoje kwa kupunguza mwendo pasipo kusimama, maana kusimama mvuani dakika mbili tu huondoa joto la nusu saa, na waliobaki wakae na kundi la mbele wasilifukuze. Akiwa ameanguka, aulizwe jina lake, siku ya leo na mahali alipo kabla ya kuinuliwa. Aliyegonga kichwa asirudishwe juu ya baiskeli hata akiapa kuwa ni mzima. Mashujaa wakubwa pia wamesimamishwa na barabara iliyolowa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa katika mchezo huu na David Kinjah wa Kikuyu, aliingia katika Tour de France ya 2014 akiwa ndiye bingwa wa mwaka uliotangulia, na siku ya tano, chini ya mvua, baada ya kuanguka mara mbili akiwa na jeraha la siku iliyopita, aliingia garini na kuondoka mashindanoni. Hakuna aliyesema kuwa hakuwa hodari.

Hapo tunafikia swali ambalo vijana hawapendi kuulizwa, nalo ni lini mtu aache. Kutetemeka peke yake ni alama ya mwili unaojitetea, na koti kavu, chai na kasi ya miguu huweza kukutuliza. Lakini mtu akiacha kutetemeka ilhali bado amelowa, akisema maneno yaliyokokotwa kama mlevi, akishindwa kugusisha kidole gumba na kidole kidogo, au akijibu kuwa hasikii baridi tena, joto lake la ndani huenda limeshuka chini ya nyuzi 35, na mashindano yake yamekwisha saa hiyo hiyo. Aingizwe mahali pakavu, avuliwe nguo zote zilizolowa, afungwe mablanketi kifuani na tumboni, apewe kinywaji cha moto chenye sukari maadamu anaweza kumeza vyema, asisuguliwe mikono wala miguu, asipewe pombe, na apelekwe hospitali. Mwenyewe atakataa, kwa sababu akili ndiyo ipoayo pamoja na mwili. Ndiyo maana tulimpa msimamizi mkavu amri. Radi nayo haina mjadala: ngurumo zikifuata umeme kwa karibu, timu iondoke kwenye kilele kilicho wazi na iingie nyumbani au garini, isijibanze chini ya mti uliosimama peke yake.

Wapo watakaoleta hoja ya Bernard Hinault, ambaye tarehe 20 Aprili 1980 alishinda Liège–Bastogne–Liège katika theluji kwa zaidi ya dakika 9, katika mashindano ambayo watu 174 waliyaanza na 21 tu wakayamaliza. Ushindi ule unastahili kila sifa uliyopewa. Lakini vidole viwili vya mkono wake havikupata kurudia hali yake ya kwanza, na yule alikuwa mtu ambaye mchezo ndio riziki yake. Mwalimu wa shule, fundi wa gereji au karani anavihitaji vidole vyake Jumatatu asubuhi. Aidha mchezo wenyewe umekwisha kubadili hukumu yake. Mwaka 2013 mashindano ya Milan–San Remo yalisimamishwa katikati kwa sababu ya theluji, wapanda baiskeli wakapandishwa mabasi na kuvushwa mlima, kisha mbio zikaendelea karibu na pwani. Na aliyeshinda, Gerald Ciolek wa Ujerumani, alikuwa wa MTN-Qhubeka, timu ya Afrika Kusini. Tangu mwaka 2016 shirikisho la dunia la mchezo huu lina utaratibu ulioandikwa wa kufupisha au kuahirisha mbio katika hali mbaya ya hewa. Waandalizi wetu wa ridhaa nao waombwe, kabla ya siku, waseme waziwazi nani ataamua na kwa dalili zipi, na nahodha asiyeuliza jambo hilo katika mkutano wa asubuhi amewakosea watu wake.

Mkifika mwisho, msisimame kupiga picha katika nguo zilizolowa. Kila mmoja achukue mfuko wake, avae nguo kavu kuanzia kifuani, anywe chai, na msimamizi ahesabu watu mpaka apate idadi iliyoanza. Aliyejitoa njiani aripotiwe kwa waamuzi ili asitafutwe usiku mlimani hali yu kitandani kwake. Baiskeli ioshwe siku ile ile kwa maji ya kawaida, wala si kwa mashine yenye nguvu inayosukuma tope ndani ya gololi. Igeuzwe juu chini ili maji yaliyoingia kwenye fremu yatoke, mnyororo ukaushwe kwa tambara na kupakwa mafuta upya, waya za breki na gia zivutwe zionekane kama zinateleza. Viatu vijazwe karatasi za gazeti, zibadilishwe kabla ya kulala. Raba za breki zilizokwisha zitupwe usiku huo huo na mpya zifungwe, kwa maana asubuhi ya mazoezi mtu hukumbuka kujaza upepo, na aghalabu hazikumbuki breki mpaka amefika kwenye mteremko.